Tupeane uzoefu: uliyewahi kufikiria kumchukua mbwa aliyeokolewa, uliamuaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Naomba tusaidiane, na naomba anayejibu aseme yaliyomkuta yeye mwenyewe, siyo aliyoyasikia.

Kuna mbwa jike yuko kwenye kituo cha wanyama waliookolewa. Nimeshakwenda kumwona mara tatu. Wanamkadiria miaka minne au mitano. Rangi ya udongo, sikio moja lilichanika nchani likapona vibaya. Siku ya kwanza alikaa kwenye kona ya banda kageukia ukuta. Siku ya pili aligeuka akanitazama. Juzi alisogea mpaka kwenye wavu, akanusa vidole vyangu, halafu akajilaza mgongo wake ukigusa wavu upande wangu. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nikaondoka sijasema ndiyo wala hapana.

Mimi na mume wangu wote tunafanya kazi, tuna mtoto wa miaka saba, na ua wetu una uzio. Mtoto anamtaka sana. Mume wangu anasema, "Utakaloamua mimi nipo," nami ndiyo kwanza mzigo unaniongezekea. Kusafisha na kulisha hakunitishi. Ninachoogopa ni kumchukua halafu nishindwe nimrudishe, maana ameshawahi kurudishwa mara moja.

Mliochukua, ni kitu gani kiliwafanya mkate shauri? Mliorudisha, ilikuwaje? Na mlioacha, tafadhali nanyi semeni, kwa sababu za kwenu ndizo hazisikiki. Natanguliza shukrani.

Bawabu

Dada, pole na hongera kwa pamoja. Wangu huu ni mwaka wa sita. Nilimchukua akiwa mkubwa tayari, dume. Siku tatu za kwanza hakula mbele ya mtu. Naweka bakuli jioni, alfajiri nalikuta tupu, yeye yuko palepale chini ya meza kama hajanyanyuka.

Wiki ya pili nilishika ufagio nifagie jikoni. Mbwa akalala chali, akajikojolea. Sikuwa nimemsemesha hata neno. Nilisimama na ule ufagio mkononi nikaelewa kwamba kuna mtu aliutumia kwa kazi nyingine. Tangu siku ile nikawa naulaza sakafuni, napanga tembe za chakula chake kuanzia mbali, kila siku nazisogeza kidogo. Ilifika mwezi wa pili ndipo alipokula tembe iliyo juu ya mpini. Sasa hivi nafagia yeye kalala katikati ya chumba, mimi ndiye ninayemzunguka.

Utasikia watu wa vituo wakisema siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Siku tatu ana hofu, wiki tatu anajifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndipo anaanza kuamini kwamba hapa ni kwake. Ni makadirio tu, wangu alichukua kama miezi minane, lakini yalinizuia nisimhukumu mapema.

Uliuliza tulikataje shauri. Mimi nilijiuliza swali moja: siku ninayorudi nimechoka, mvua inanyesha, sitaki kuongea na mtu, nitamtoa nje? Nilijibu ndiyo bila kujilazimisha. Siku zile za furaha kila mtu angemtoa.

Mama Pacha

Mimi ndiye niliyerudisha. Nimeusoma uzi huu jana na leo kabla ya kuandika, kwa hiyo naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Watoto wangu walikuwa na miaka mitano. Mbwa tuliyemchukua alikuwa mpole kupita kiasi wiki tatu za mwanzo, anatufuata chumba hadi chumba. Wiki ya nne akaanza kunguruma mtu akipita karibu na bakuli lake. Nikamkemea. Kila akinguruma namfokea na bakuli naliondoa, nikiamini namfundisha adabu. Baada ya siku kadhaa akaacha. Nilifurahi, nikamsimulia kila mtu kwamba amenyooka.

Jioni moja mwanangu alidondosha mpira ukabingirika hadi kwenye bakuli, akainama kuuokota. Mbwa hakutoa sauti yoyote. Alimuuma mkononi.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hilo nilikuwa nalijua, kisha tukakimbilia hospitali. Mbwa alikuwa na cheti cha chanjo, lakini daktari hakutaka kubahatisha na ninamuelewa. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mtoto alichomwa sindano zote za ratiba. Kidonda kilipona, alama ipo.

Nilichokuja kuelewa nikiwa nimechelewa ni kwamba kunguruma ndiyo ilikuwa lugha yake ya kutuonya. "Nina wasiwasi, tafadhali usinikaribie." Mimi niliing'oa kengele, moto nikauacha uwake. Hofu yake ya kunyang'anywa chakula ilikuwa palepale, tena niliichochea kwa kumnyang'anya kweli. Daktari wa wanyama alinieleza baadaye tungefanya nini: mbwa ale peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, mtoto asikaribie kabisa, na mtu mzima apite kwa mbali akimrushia kitu kitamu kuliko kilicho bakulini, mpaka mbwa ajifunze kwamba mtu akija chakula kinaongezeka.

Siku ya kumrudisha alipanda gari mwenyewe, mkia unachezacheza, akidhani tunakwenda matembezi. Sitaisahau. Niliwaeleza kituo kila kitu, sikuficha hata kosa langu, na kwa sababu hiyo walimtafutia nyumba isiyo na watoto. Alipata mtu mmoja anayeishi peke yake, na kwa taarifa nilizopewa, wanaelewana.

Kwa hiyo dada, usiulize tu kama alirudishwa. Uliza kwa nini, tena ukipewa jibu la neno moja, uliza tena.

Usiku Mrefu

Mimi nilimuokota mtoto wa mbwa njiani, umri kama miezi miwili. Siku ya tatu akaacha kula. Siku ya nne kutapika na kuharisha damu. Siku ya tano nikampoteza, kichwa chake kikiwa kwenye kiganja changu. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Daktari alisema huenda alikuja nayo mwilini, kwa sababu huchukua siku kadhaa kabla ya kujionyesha.

Nasema hili kwa sababu watu wengi wanadhani mtoto ndiye rahisi. Mtoto anahitaji chanjo kuanzia wiki ya 6 au 8, irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16 hivi, na katikati hapo bado hana kinga kamili. Halafu kirusi hicho hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Sakafu nilisafisha kwa dawa yenye klorini, ua sikuweza. Nilizuiwa kuleta mtoto mwingine pale mpaka muda mrefu upite. Nikachukua mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo. Mkubwa unaona ukubwa wake, unaona tabia yake, unajua unachochukua. Ni maoni yangu, lakini nimeyalipia.

Jumamosi Asubuhi

Mimi ni kati ya walioacha. Nafanya kazi zamu za usiku na ninamuuguza mama. Nilikuwa nimeshachagua jina, bakuli nimenunua. Nilipopiga hesabu ya saa ambazo mbwa angekuwa peke yake, nikakuta ni nyingi kuliko zile alizokuwa nazo kituoni, ambako angalau kuna watu na mbwa wenzake. Nililia, sioni haya kusema.

Nikarudi kituoni nikawaomba niwe nawatembeza. Mwaka wa tatu sasa, kila Jumamosi. Yule niliyemtaka alichukuliwa mwezi uliofuata na familia yenye bustani. Bakuli nililipeleka huko, linatumika.

Mlezi wa Muda

Nimepokea mbwa nyumbani kwangu kwa muda, wakisubiri wenyewe, na wamefika 11. Naomba niongeze mambo ambayo hayajaguswa.

La kwanza, kutoroka. Mbwa mgeni haijui nyumba yako kama nyumba. Mlango ukifunguka anakimbia, na akishakimbia hajui arudi wapi. Wa pili kumpokea alinichomoka namna hiyo siku ya kwanza, nikiwa nimepumbaa na mifuko mkononi. Alirudi nyuma, akatoa kichwa kwenye mkanda wa shingo kama anavua kofia. Tulimtafuta siku mbili. Tangu hapo wiki za mwanzo natumia mkanda wa shingo na wa kifuani kwa pamoja, na hata ndani ya ua wenye uzio kamba haitoki mkononi.

La pili, tumbo. Mbwa aliyekonda sana usimshindilie chakula kwa huruma. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla unaweza kuzidiwa hata kufa. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, kwa mwongozo wa daktari. Wa kwako bila shaka ameshavuka hatua hiyo, naandika kwa ajili ya wengine wanaosoma. Na dawa zetu za maumivu, msimpe. Ibuprofen inaweza kumuua.

La tatu ndilo nililolijia. Dada, waulize kama wanaruhusu umlee kwa muda kabla ya kumchukua moja kwa moja. Vituo vingi huruhusu. Akirudi baada ya wiki mbili akiwa na maelezo yako ya jinsi anavyolala, anavyokula, anavyokaa na mtoto, hapo hajarudishwa. Umemfanyia kazi, na atakayefuata atapata mbwa anayejulikana.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, wote. Jumamosi Asubuhi, nimekusoma mara mbili. Mama Pacha, Mungu akulipe kwa ujasiri wa kuandika vile.

Nimerudi kituoni leo nikauliza kama ulivyonielekeza. Jibu la kwanza: "Walihama." Nikauliza tena. Yule dada wa zamu akafungua daftari, akasoma kimya kidogo, akaniambia ukweli: akiachwa peke yake alikuwa akilia mpaka majirani wanalalamika, na alikwangua mlango hadi kucha zikatoka damu. Kwenye chakula hana shida, wamepita karibu naye akila mara nyingi. Na mtoto je? Nilimleta mwanangu, tukamkalisha chini ubavu kwa ubavu na wavu, bila kumkodolea macho. Mbwa alimnusa nywele, akajilaza.

Kwa hiyo tatizo lake ni upweke. Sisi asubuhi wote tunatoka. Mume wangu anaweza kurudi mchana, na mimi siku mbili kwa wiki naweza kufanyia kazi nyumbani. Mwenye uzoefu na hili?

Dirishani

Ninao. Wangu alikula fremu ya mlango. Nilidhani ananikomoa, kumbe ilikuwa hofu tupu. Nilimrekodi kwa simu nikiwa nimetoka, nikamwona anatetemeka na kudondosha mate tangu dakika ya kwanza.

Kumwadhibu hakusaidii hata chembe. Tulichofanya ni kuanza na muda mdogo mno. Nachukua funguo, nakaa chini, sitoki. Nafanya hivyo mpaka mlio wa funguo haumshtui. Kisha natoka sekunde kumi, narudi kabla hajaanza kulia. Kisha nusu dakika. Siku akishindwa narudi nyuma hatua. Katika kipindi hicho hakuachwa peke yake kabisa. Dada yangu alikuja, jirani alikuja, nilichukua likizo. Miezi mitano kufika saa tatu mfululizo. Daktari pia alimpa dawa ya kutuliza hofu kwa muda, usione aibu kuuliza.

Swali langu kwako ni moja tu: miezi ya mwanzo, ni nani atakayekuwa naye saa za asubuhi?

Mama Pacha

Jibu swali la Dirishani kabla ya kitu kingine chochote, dada. Ukiwa na jina la mtu wa kila siku, nenda kamchukue. Ukiwa na "tutaona", subiri.

Mwanzisha uzi

Nimekaa na mume wangu jana usiku na karatasi. Jumatatu na Alhamisi, mimi. Jumanne, mama mkwe, amekubali mwenyewe na akauliza mbwa anapenda kulala wapi. Jumatano na Ijumaa, mume wangu amebadilishana zamu kwa miezi miwili. Miezi miwili haitoshi, najua, lakini kila mstari una jina.

Tumemchukua kwa malezi ya muda, wiki mbili za kwanza. Kituo kimekubali. Mikanda miwili, kamba mkononi. Mwanangu ameelezwa kuhusu bakuli na amelirudia kwangu neno kwa neno.

Ni saa saba usiku sasa. Chakula hajagusa. Alizunguka sebuleni akinusa kila ukuta, kisha akaja kwenye korido. Nilifungua mlango wa chumbani nione alipo, nikakuta siwezi kuusukuma. Amejilaza nje, mgongo umegusa mlango. Nimeketi chini upande wa ndani, naandikia hapa.

Kesho naanza na funguo.