Laptopu inashika Wi-Fi ila tovuti hazifunguki: nibadili DNS, nirizeti mtandao au nipige Windows upya?

Binti_Makorora
Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu ya kazini, Windows 11. Ofisini haina tatizo. Nikirudi nayo nyumbani inashika Wi-Fi vizuri, lakini nikifungua tovuti yoyote inazunguka weee mpaka inakata. Simu yangu inaperuzi kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, kwa hiyo bando lipo. Nimepewa ushauri wa aina tatu: niweke DNS (ile huduma ya kugeuza jina la tovuti kuwa namba) ya Google, 8.8.8.8, nirizeti mtandao wote, na fundi wa mtaani anataka kupiga Windows upya. Nifuate upi? Kuna mafaili ya kazi humu.

Chuma_Chakavu
Piga Windows, yaishe.

Nyaya_na_Ruta
Mkuu hapo juu, huo ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimegoma.

Dada, pima kwanza. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, andika `ping 1.1.1.1` kuona kama njia ya kwenda nje iko wazi, bonyeza Enter. Kisha andika `nslookup` na jina la tovuti yoyote. Mwisho `ipconfig`, uangalie namba ya IPv4. Ikianza na 169.254 ujue ruta haijakupa anwani, mashine imejipa yenyewe, na hapo DNS hata haihusiki. Tuletee majibu.

Mzee_wa_Kahawa
Na saa je? Kwenye mashine za zamani ile betri ndogo ya CR2032 ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa na tovuti za https zinakataa, kwa sababu cheti cha usalama kinaonekana hakijaanza kutumika. Ila hapo brauza ingekupa onyo, isingezunguka tu.

Binti_Makorora
Tarehe iko sawa. IPv4 inaanza na 192.168. Ping inajibu zote nne. Nslookup inaandika "DNS request timed out" na chini yake "Address: 10.20.0.5". Hiyo namba siijui kabisa, ruta yetu ni 192.168.1.1.

Nyaya_na_Ruta
Basi mwizi kapatikana. Ping kujibu maana yake njia ya kwenda nje iko wazi: Wi-Fi nzima, ruta nzima, bando zima. Kinachokwama ni kugeuza jina la tovuti kuwa namba. Laptopu yako inaiuliza seva ya 10.20.0.5, na hiyo karibu kwa hakika ni seva ya ndani ya ofisini kwenu. Anwani zinazoanza na 10 ni za mitandao ya ndani tu, kwa hiyo ukiwa nyumbani hakuna wa kukujibu. Mtu wa IT aliiandika kwa mkono akaiacha.

Sasa pima ushauri uliopewa. Kupiga Windows kutafanya kazi, lakini utapoteza programu zote, na usipohifadhi mafaili kwanza, nayo yanakwenda. Kitufe cha Network reset nacho kitafanya kazi, ila kinafuta Wi-Fi zote ulizohifadhi na nywila zake, na VPN ya ofisi (programu ya kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) huenda ukalazimika kuisakinisha tena. Kuna watakaokwambia uandike `ipconfig /flushdns`. Haina madhara, lakini kwako haisaidii: inafuta majibu yaliyohifadhiwa, seva inayoulizwa inabaki ile ile. `netsh winsock reset` ni ya pale antivirusi au VPN iliyoondolewa vibaya imeacha mabaki. Si kesi yako.

Wewe rudisha DNS iwe ya kujipatia yenyewe, Automatic. Ruta itatoa jibu.

Kijana_wa_Hotspoti
Mimi nabaki na 8.8.8.8. Ukiiweka mara moja umemaliza, na DNS za hizi kampuni za intaneti wakati mwingine zinasuasua.

Nyaya_na_Ruta
Hilo la kusuasua sikatai, na kwa laptopu ya nyumbani peke yake 8.8.8.8 au 1.1.1.1 ya Cloudflare ni chaguo zuri. Lakini hii inarudi ofisini. DNS ya Google haijui majina ya mifumo ya ndani ya ofisi yake, kwa hiyo Jumatatu atakuja na uzi mwingine. Pia ukienda hotelini au hosteli, Wi-Fi nyingi zinazuia DNS ya nje mpaka uingie kwenye ukurasa wao, na ukurasa wenyewe hautokei kwa sababu umewanyima DNS yao. Watu wanalaumu Wi-Fi ya hoteli bure.

Mzee_wa_Kahawa
DNS imekuwa panadoli ya kila ugonjwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, kuna watu walishinda wanabadili 8.8.8.8 kwenda 1.1.1.1 na kurudi.

Chuma_Chakavu
Sawa, nimekubali. Ila ukitaka mashine iwe nyepesi, Windows mpya ni Windows mpya.

Binti_Makorora
Nimebadili kuwa Automatic, iliomba nenosiri la admini, nikampigia kaka wa IT akaniingizia kwa mbali kupitia hotspoti ya simu… hapana, samahani, hata hotspoti tovuti zilikuwa hazifunguki, akanitajia kwa simu. Sasa kila kitu kinafunguka. Anasema lakini ofisini wanaihitaji ile 10.20.0.5 kwa mfumo wa malipo. Kila asubuhi niwe naibadili?

Nyaya_na_Ruta
Hapana. Ruta ya ofisini ikiwekwa sawa inagawa hiyo namba yenyewe, mwambie aiandike huko. Akishindwa, Windows 11 inakubali DNS ya kila Wi-Fi peke yake: ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi ya ofisi ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha properties za mtandao huo, uweke hapo kwenye DNS server assignment. Asiiweke kwenye Hardware properties wala kwenye ncpa.cpl (lile dirisha la zamani la Network Connections), kwa sababu huko inashika Wi-Fi zote, na ndiko nadhani aliiweka mwanzo.