Taa ya upepo wa mipira haizimiki na mipira yote mizima, nifanyeje?

BintiKonde
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina gari ndogo ya mwaka 2015, imeletwa kutoka Uingereza. Tangu masika, kila nikiwasha inakuja ile taa ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo kama bakuli na alama ya mshangao ndani yake. Fundi wa pancha hapa Konde, Pemba, kapima, mipira yote minne ina upepo. Nikiondoka tu, taa iko pale pale.

Mimi nasomesha Makangale. Siku nyengine hurudi magharibi imeshaingia, napita msitu wa Ngezi peke yangu. Hapo roho haitulii: ni uongo wake wa kila siku, au leo mpira unashuka kweli? Kuna mtu kanambia niizibe kwa teipu nyeusi. Mnanishauri nini?

Mtambwe_kwetu
Teipu usiweke, dada. Siku mpira ukishuka kweli utajulia wapi?

Anza na geji. Za vibandani huanguka kila siku, ukipima kwa mbili tofauti unapata majibu mawili. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye kipimo cha mipira ya mbele na ya nyuma. Ile namba iliyochapwa ubavuni mwa mpira ni kikomo cha mpira wenyewe, usijaze kwa hiyo. Na upime asubuhi gari haijatembea, mpira ukipata moto upepo huzidi.

Chumvi_na_jua
Labda ni baridi ya mvua? Nimesikia Ulaya taa hizi huwaka sana asubuhi za baridi.

FundiKwerekwe
Ulaya sawa, lakini kwetu sidhani. Joto likishuka digrii 5 au 6, mpira hupoteza kama psi 1 tu (psi ndiyo kipimo cha upepo kwenye geji), na Pemba usiku na mchana havitofautiani kiasi cha kuiwasha taa.

Dada, nijibu hili kwanza: ukiwasha gari, taa inawaka ikatulia hapo hapo, au inamemeta kama dakika moja ndipo inatulia?

BintiKonde
Inamemeta kwanza, kisha inabaki.

FundiKwerekwe
Basi taa haisemi uongo, ila inasema jambo jengine. Ikiwaka bila kumemeta, upepo umepungua. Ikimemeta kwanza, mfumo wenyewe wa kupima upepo una kasoro: kuna mpira hausikiki.

Magari ya Ulaya yalilazimishwa kuwa na mfumo huu, na kuanzia Novemba 2014 kila gari mpya ilikuwa nao. Iko namna mbili. Moja haina kitu ndani ya mpira, inalinganisha mzunguko wa magurudumu kwa sensa, yaani vipimio, za breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu kujifunga). Hiyo ukishajaza upepo au kubadilisha mpira unabonyeza kitufe cha kuweka upya, mara nyingi yamekwisha. Ya pili ina sensa ndani ya kila ringi, imeshikana na valvu, ina betri yake ndogo isiyochajiwa. Betri hiyo huishi baina ya miaka 5 na 10. Hesabu umri wa gari yako.

Usikubali kununua zote nne kwa kubahatisha. Tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma sensa, itaonesha ni gurudumu gani lililonyamaza. Na mpira wa spea pia auangalie, baadhi ya magari yana sensa humo.

Mtambwe_kwetu
Naongeza: ukienda kuziba pancha mwambie fundi kuna sensa kwenye valvu, patari (chuma cha kubandulia mpira) aanze kuitia mbali nayo. Nyingi huvunjwa hapo. Na gundi ya kumimina ndani usitumie, huziba tundu la sensa.

Chumvi_na_jua
Vifuniko vya valvu viwe vya plastiki. Vya chuma kwa hewa hii ya bahari hugandana na valvu, ukilazimisha inakatika.

BintiKonde
Ahsanteni sana. Nitaipeleka Chake Jumamosi. Na hizi siku za kati?

FundiKwerekwe
Nunua geji yako mwenyewe, upime kila asubuhi kabla ya kutoka. Njiani usukani ukivuta upande mmoja au gari ikiwa nzito, punguza mwendo, simama pahala salama uangalie. Taa usiitegemee mpaka itengenezwe.

Ukiagiza sensa, uliza masafa yake ya redio, maana huzungumza na gari kwa mawimbi. Gari za Ulaya hutumia 433 MHz. Za Marekani nyingi ni 315, ukifunga hiyo gari yako haitaisikia, na pesa imekwenda.

BintiKonde
Nimeandika, 433. Nitaleta majibu inshaallah.