Priamplifaya ya valvu Dynaco PAS-3 iliyotumika: nibadilishe valvu kwanza?

Mpenda Santuri, Tanga

Habari zenu. Shemeji yangu aliyerudi kutoka Marekani ameniletea priamplifaya ya valvu (kifaa cha kuandaa mawimbi ya sauti kabla ya kufika kwenye amplifaya, kinachotumia taa za kioo), Dynaco PAS-3, ambayo kabla yake imepita mikononi mwa watu kadhaa. Ina valvu nne za 12AX7 pamoja na moja ya 12X4 ya kunyoosha umeme (kuugeuza uwe wa mkondo mmoja), na inatumia volti 120, kwa hiyo niliiwasha kwa transfoma ya kushushia umeme na kuiunganisha na amplifaya yangu ya transista. Sauti za waimbaji zinatoka tamu kweli, lakini besi ni nyembamba, upande wa kushoto unavuma bila kukoma, na voliumu inakwaruza kila ninapoizungusha. Isitoshe, nikicheza CD sauti inakuwa kubwa mno kabla voliumu haijafika hata robo ya mzunguko wake. Muuzaji mmoja wa mtandaoni amenishauri ninunue seti nzima ya valvu za zamani, kwa bei inayozidi ya mashine yenyewe. Je, nimsikilize?

Fundi Mstaafu, Mombasa

Ndugu yangu, hizo fedha ziache mfukoni kwanza. Dynaco ya Philadelphia iliziuza PAS-3 katika miaka ya 1960 zikiwa zimeunganishwa kiwandani au zikiwa vipande ambavyo mnunuzi alivilehemu mwenyewe nyumbani, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuifungua na kukagua kazi ya huyo aliyeilehemu. Katika ya kwangu nilikuta waya wa ardhi uliozungushwa tu kwenye kijiti chake, haukuwahi kupata risasi hata tone moja, na wamiliki wote walionitangulia bila shaka walikuwa wakilaumu valvu.

Kabla hujaingiza mkono, chomoa waya wa umeme, subiri, kisha pima kapasita za ugavi (vihifadhi umeme vya sehemu inayolisha mashine) kwa mita, kwa sababu ndani yake hukaa umeme unaokaribia volti 300 na unaweza kubaki hata mashine ikiwa imezimwa. Kopo la kapasita za ugavi, kama ni lile la awali, libadilishe bila kubishana nalo. Elektroliti (majimaji ya ndani ya kapasita) ya zaidi ya miaka 50 hukauka, na mvumo wa pande zote mbili mara nyingi hutoka hapo. Halafu tafuta rektifaya ya seleni, kile kipande chenye mabamba yaliyopangwa kama vyano, kinachonyoosha umeme wa kupasha moto nyuzi za 12AX7. Seleni ikizeeka volti hushuka, na ikiungua hutoa moshi wenye sumu na harufu mbaya kupindukia, kwa hiyo weka diodi za silikoni, kisha ongeza rezista ili nyuzi zisipate volti kupita kiasi.

Kwa kuwa mvumo wako uko upande mmoja tu, zima mashine, iache ipoe, kisha badilishana valvu za kushoto na za kulia, jozi moja baada ya nyingine. Mvumo ukihama pamoja na valvu, umempata mkosaji. Ukibaki palepale, tafuta kwenye soketi na viungo. Huku kwetu pwani hewa ya chumvi hula pini, nazo pini chafu huiga ugonjwa wa valvu kwa ustadi mkubwa.

Msikilizaji wa Usiku, Dar es Salaam

Ninaongezea kuhusu besi. Valvu hizi hazipendi kusukuma mzigo mzito, na amplifaya nyingi za transista zina kiingilio chenye ukinzani wa kiloomu 10 au 20 tu; ukinzani ukiwa mdogo, mzigo huwa mzito. Chukua mfano wa kapasita ya kutolea sauti ya mikrofaradi 0.47: ikikutana na kiloomu 10, besi huanza kupungua karibu na hezi 34 (mitetemo 34 kwa sekunde), lakini ikikutana na kiloomu 100 mpaka huo hushuka hadi kama hezi 3.4. Soma kitabu cha amplifaya yako kabla ya kulaumu chochote.

CD hutoa takriban volti 2, kiwango ambacho mashine ya enzi zile haikukitarajia. Wapo watakaokwambia uchomeke valvu ya 12AU7 mahali pa 12AX7. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa saketi nzima ilipimwa kwa valvu yenye ukuzaji wa 100, na 12AU7 haifiki hata 20. Weka rezista mbili kwenye kiingilio cha CD, kiloomu 33 kwa mfululizo na kiloomu 10 kwenda ardhini, nawe utapunguza mawimbi mara nne na ushei.

Jambo la pembeni: kama shemeji ameleta na kinanda cha santuri, transfoma yako hubadilisha volti, haibadilishi hezi. Mota ya kufuata hezi 60, ikiendeshwa kwa 50, itazungusha santuri ya 33⅓ kwa mizunguko isiyofika 28, na kila mwimbaji atakuwa kama ameamshwa usingizini.

Mpenda Santuri, Tanga

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nilibadilishana valvu jana, mvumo haukuhama. Nilipochomoa ile ya kushoto iliyo karibu na kiingilio cha santuri, nilikuta soketi yake ina ukungu wa kijani kwenye tundu mbili. Nilizisafisha kwa spiriti na kijiti cha meno, na mvumo umebaki kidogo sana, unasikika tu nikiweka sikio kwenye spika. Voliumu nayo nimeipulizia dawa ya kusafishia viunganishi, imenyamaza. Amplifaya yangu, kumbe, ina kiingilio cha kiloomu 22. Sasa ninatafuta kopo la kapasita.