Naomba ushauri: kuangalia ndege kinamasi cha Mabamba, jioni inafaa au lazima asubuhi?

Ndugu zangu mnaopenda ndege naombeni msaada. Mwezi wa kwanza nataka nitoke na rafiki yangu tuzunguke kuangalia ndege huku Entebbe, shida yeye anatoka kazini saa sita kwahiyo tunabaki na mchana na jioni tu. Tunawaza tuanzie Bustani ya Mimea, pale hondohondo hawakosi na furukombe wanalia juu ya miti kando ya ziwa, halafu boda mpaka ghuba ya Lutembe. Moyo wangu uko huko Lutembe jamani, maana kipindi hicho Ulaya ni baridi kali na buabua, wale ndege weupeweupe wa majini, wanakuwa wamekimbilia kwetu, wakiinuka wote kwa pamoja unasahau hata kushika darubini.

Sasa mwenzangu anang'ang'ania Mabamba, anataka amwone korongo nyangumi, yule mwenye domo kama kiatu, amesimama kwenye mafunjo anamvizia kamongo wala hatikisiki. Ila naona watu wengi wanaenda asubuhi. Tukipanda mtumbwi mwalo wa Nakiwogo saa nane mchana tutamkuta kweli na kurudi kabla ya giza? Na mwenye mtumbwi tumwambie azime injini umbali gani, sitaki kabisa tumsumbue, wamebaki wachache hao. Darubini tunayo moja tu 8x42 (inakuza mara nane), inatosha watu wawili au tuazime nyingine?

Mnaoenda kule mara kwa mara niambieni, kama vyote haviwezekani siku moja tuache wapi?