Mjadala: Je, riwaya za vijana zifute hatari iliyomo katika mapenzi ya mungu na binadamu?

Mleta mada: Riwaya nyingi za fantasia zinazoandikiwa vijana na kuchota kutoka visasili vya Wagiriki hufuata mkondo mmoja: msichana wa miaka 17 au 18 anapendwa na mungu aliyeishi karne nyingi, na mwishoni wawili hao wanakuwa wachumba wa kawaida. Wakosoaji hushambulia tofauti ya umri. Kwangu mimi umri ni jambo dogo. Tatizo ni kwamba binadamu hana uwezo wa kumkatalia mungu, na riwaya inayolificha jambo hilo inampotosha kijana kuhusu ridhaa.

Wasimulizi wa kale hawakulificha. Semele, binadamu wa mji wa Thebes aliyependwa na Zeus, mfalme wa miungu, alilaghaiwa na Hera, mke wa Zeus, amtake Zeus amjie katika utukufu wake wote, naye Zeus, kwa kuwa alikwisha kuapa kumpa lolote atakaloomba, akamjia na radi iliyomteketeza. Kasandra, binti wa mfalme wa Troya, alimkataa Apollo, mungu wa utabiri, akabaki na kipawa cha kutabiri bila mtu wa kumwamini. Hata Eos, mungu wa kike wa alfajiri, aliyempenda binadamu Tithonus kwa dhati, alimwombea uzima wa milele akasahau kumwombea ujana, hata mwanamume yule akachakaa, akafungiwa chumbani, ikawa inasikika sauti yake tu. Sioni kwa nini msomaji wa miaka 16 adhaniwe hawezi kuyastahimili haya.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, umechagua mifano inayokufaa. Apuleius, mwandishi wa karne ya 2 aliyezaliwa Madauros katika Algeria ya leo (Mwafrika mwenzetu, ingawa hatumtaji sana), alisimulia habari za Psyche, binadamu aliyependwa na Cupid, mungu wa mapenzi, akatwishwa na Venus, mama yake Cupid, kazi ngumu, ikiwamo kuchambua lundo la nafaka zilizochanganywa, na hatimaye akaolewa mbele ya miungu wote. Kwa hiyo mwisho mwema haukubuniwa na waandishi wa leo. Isitoshe, msichana anayesoma anajua vyema kwamba mungu huyo hayupo. Anafurahia kuona mtu asiye na cheo akithaminiwa na mwenye enzi.

Mleta mada: Mfano huo ni mzuri, lakini tuutazame hadi mwisho. Jupiter, jina la Kirumi la Zeus, alimtuliza Venus kwamba ndoa ile haitakuwa ya wasio sawa, kisha akamnywesha Psyche kinywaji cha miungu ili asife kamwe, maana yake Apuleius aliona kwamba pengo lazima lizibwe kwanza. Riwaya ninazozilalamikia huliacha pengo hilo lilivyo na kumtaka msomaji alishangilie. Kama ipo ambamo msichana anamkataa mungu na kukataa kwake kunaheshimiwa bila adhabu yoyote, naomba anayeijua aitaje hapa tuijadili.