MGB ya zamani: niiendeshe au niitunze tu? Naomba ushauri wakuu

Mzaramo wa Leicester: Wakuu heshima kwenu. Huku Uingereza tuna MGB roadsta ya 1965, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza isiyo na paa gumu, nyekundu, bampa nyeusi za mpira, injini ya 1.8, kabureta mbili aina ya SU. Imelala gereji chini ya turubai. Watu wananiambia gari kama hii haiendeshwi, inapigwa polishi na kupelekwa maonyesho. Mimi natamani kwenda nayo Scotland. Usingizi sipati. Matusi sitaki.

Fundi Spana: Gari ikisimama ndiyo inakufa, mkuu. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, silinda za breki zinaota kutu kwa ndani, sili zinakauka, petroli inaacha utando kama gundi kwenye kabureta. Na petroli ya kawaida ya huko tangu 2021 ni E10, yenye ethanoli mpaka asilimia kumi, na hiyo ethanoli inatafuna mipira ya zamani. Weka E5, yenye ethanoli kidogo. Badilisha mipira yote ya mafuta na breki. Tairi nazo angalia umri, likizeeka linapasuka hata kama halijawa kipara.

Mtoto wa Ngong: Huku Nairobi kuna Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari, pale Ngong Racecourse. Majaji wanachungulia mpaka chini ya gari wakitafuta uchafu. Mjomba wangu alikuwa anasugua nati za magurudumu na mswaki, akiona wingu anairudisha ndani. Siku ya harusi yangu nikamwomba hiyo gari. Akanipa pesa ya teksi.

Mama Kubwa: Wenzako wanatafuta nauli ya daladala, wewe unakosa usingizi kwa gari la kuchezea. Sali.

Kifaru Mkimya: Ngoja kwanza. "Tuna" ni wewe na nani? Na hao "watu" ni kina nani?

Mzaramo wa Leicester: Sikutaka kuwachosha. Marehemu baba mkwe aliwaachia mke wangu na kaka yake, nusu kwa nusu. Shemeji anataka isimame mpaka bei ipande, iuzwe. Bima kakata yeye, ya gari lililoegeshwa. Lakini mzee mwenyewe alikuwa anatoka nayo kila Jumapili, mvua isiwe mvua! Halafu hoteli ya Inverness, huko Scotland, nimeshalipia, hela hairudi. Kwa hiyo siulizi kama niende, nauliza niende vipi.

Kifaru Mkimya: Kwa bima hiyo polisi wakikusimamisha wanaibeba. Utarudi na treni.

Mama Kubwa: Mali ya urithi hiyo. Mkeo anasemaje?

Kiboko ya Chai: Wakuu mnakunywa chai na maandazi juu. MGB ya 1965 ina bampa za kromu. Zile nyeusi za mpira zilianza mwaka 1974, kwa ajili ya sheria za usalama za Marekani, na gari wakalinyanyua juu kidogo, likaanza kuyumba kwenye kona. Jamaa kaokota picha mtandaoni.

Mzaramo wa Leicester: Mzee ndiye alikuwa anasema ya 65. Kadi anayo shemeji, sijawahi kuiona.

Fundi Spana: Kama kweli ni ya mpira, mbona ndiyo nafuu yako! MGB zilitengenezwa zaidi ya laki tano, 1962 mpaka 1980, na wakusanyaji wanakimbilia za kromu. Shemeji hiyo bei ataisubiri sana. Mwambie mkeo amlipe nusu yake, mkate bima ya maana, muiendeshe. Ila baridi ikianza irudishe ndani. Chumvi wanayomwaga barabarani inakula mabati ya chini ya milango, na MGB haina chesesi ya peke yake, uzito unabebwa na hayo hayo mabati.

Kiboko ya Chai: Bado chai. Weka picha ya kibati cha namba ya bodi.

Mzaramo wa Leicester: Shemeji akirudi likizo nitaweka. Ufunguo wa gereji anao yeye.

Mtoto wa Ngong: Buda, umelipia hoteli na hata gereji huwezi kufungua?

Mzaramo wa Leicester: Ufunguo wa gari ninao.