Kamera ndogo ya bei kubwa, lakini kioo hakiinuki: ninunue au niachane nayo?

NuruYaShangani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga.

Napiga picha za harusi hapa Unguja, mwaka wa tisa sasa. Mkoba wangu una bodi mbili za kamera na lenzi tatu, na bega la kushoto limeshaanza kudai haki yake. Vyombo vya kazi siviachi. Ninachotafuta ni kamera moja ndogo ya kuingia nayo upande wa kina mama, hasa siku ya hina. Ukiingia na likamera kubwa mle ndani kila mtu anakaza uso na kurekebisha mtandio, picha zinatoka kama za pasipoti.

Nimejiwekea pesa miaka miwili, na roho yangu imelala kwa Sony RX1R III. Ilitoka Julai 2025, bei ya kutangazwa dola 5,098. Fremu kamili (yaani kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, ni kikubwa kama fremu ya filamu ya zamani), megapikseli 61, lenzi ya Zeiss 35mm yenye upenyo wa f/2 (namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), gramu 498. Karatasini ni ndoto. Halafu nikashuka chini kusoma: kioo cha nyuma cha kutazamia picha hakiinuki wala hakigeuki, na stabilaiza ya kihisi, ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono, hakuna. RX1R II ya mwaka 2015 ilikuwa na kioo kinachoinuka! Inakuwaje miaka kumi ipite, bei ipande, halafu kitu kipunguzwe kiungo?

Upande wa pili kuna Fujifilm X100VI. Ilipotoka 2024 ilikuwa dola 1,599, kioo kinainuka, stabilaiza ipo. Kichwa kinasema Fuji, roho inasema Sony. Ingekuwa nyinyi mngefanyaje? Wale wa "nunua simu nzuri" nimeshawasikia, ahsanteni.

mkaa_kijiweni

Simu nzuri.

Haya nimenyamaza. Ila zaidi ya milioni 12 kwa kitu ambacho hata lenzi haibanduki? Mimi nachukua bodaboda nne, nakaa kibarazani nahesabu hesabu za jioni.

MzeeWaFremu

Dada Nuru, hasira yako ya kioo ina haki, lakini hasira ya stabilaiza nitakupunguzia kidogo.

Kamera hizi ni kama chumba cha kupanga: kitanda kikiingia, kabati linatoka. Kihisi cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, hakikunjiki. Lenzi ya f/2 inayokifunika chote nayo haiwi ndogo kwa dua. Kwa kuwa haibanduki, waliweza kukileta kipande chake cha nyuma karibu sana na kihisi, na udogo wa ile kamera umetoka hapo. Lenzi yenyewe ni ileile ya tangu RX1 ya kwanza, 2012. Sasa stabilaiza inataka kihisi kiwe kinaelea, kiwe na sumaku zake na nafasi ya kucheza pembeni na nyuma. Utaipachika wapi?

Tazama waliokataa kupunguza. Leica Q3 ni fremu kamili, lenzi haibanduki, kioo kinainuka, stabilaiza imewekwa kwenye lenzi. Gramu 743, na ilitoka kwa dola 5,995. Fuji wenyewe, kwenye GFX100RF yenye kihisi kikubwa kuliko zote hizi, waliishia lenzi ya f/4, stabilaiza wakaiacha, na bado ina gramu 735. X100VI imeweza kwa sababu kihisi chake ni APS-C, eneo lake halifiki hata nusu ya fremu kamili. Hakuna uchawi hapo, mtu ameamua tu nani alale chini.

Kioo ndicho kinachonishinda. Bawaba ni milimita chache. RX1R III wameipa betri kubwa zaidi, picha kama 300 kwa chaji badala ya 220, na kitundu cha kuchungulia sasa kimesimama pale pale, hakiruki juu na kuzama kama cha ile ya zamani. Betri nashukuru. Lakini aliyepitisha kioo kile hajawahi kupiga mtu aliyekaa mkekani.

KipangaWaLikoni

Mzee, heshima yako, ila hilo la "hakuna nafasi" silimezi lote. Ricoh GR IV ina gramu 262, inaingia mfuko wa kanzu, na stabilaiza ya kihisi imo ndani. Ricoh wamepata wapi nafasi?

MzeeWaFremu

Wameipata kwa kutoa vingine, maalim. Kihisi APS-C, lenzi f/2.8 inayojikunja ukizima, kitundu cha kuchungulia hakuna kabisa, na kioo chake nacho hakiinuki. Kitanda kimeingia, kabati liko uani.

KipangaWaLikoni

Sawa, hapo umenishika.

Dada, mie nipo Mombasa, jua letu ni moja, kwa hivyo nikuongezee kitu ambacho watu wa nchi za mawingu hawakizungumzi. Saa sita mchana ufukweni, wazee wa filamu walikuwa na kanuni: upenyo f/16, ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 100, shata ifunguke 1/100 ya sekunde. Ukitaka f/2 ili nyuma ya bibi harusi kulainike, umefungua hatua sita, kila hatua mwanga mara mbili, unahitaji 1/6400. Kamera zako mbili, Sony na Fuji, shata iko ndani ya lenzi. Ya Sony ikiwa f/2 inaishia 1/2000. Kwa hivyo kwa shata hiyo ama ubane upenyo, ama uwe na kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mfukoni cha kufunga na kufungua huku watu wanakungoja. X100VI kichujio cha hatua nne kimo ndani ya lenzi, unabonyeza kitufe. ISO yake inaanzia 125, kwa hivyo 1/8000 inashuka hadi 1/500, unapiga bila wasiwasi.

Ila shata hiyo hiyo ya kwenye lenzi ndiyo itakayokupendeza kwenye hina. Ni kama haisikiki. Sauti yake ni kama mtu amekunja kidole. Na flashi inaoana nayo hata mchana kwa kasi ambazo bodi zako kubwa zinakataa.

Fundi_Lenzi

Nachangia upande wa maumivu. Mimi nafungua kamera kwa riziki. Kamera ambayo lenzi haibanduki, vumbi likishaingia, hulipulizi. Yangu mwenyewe, ya kampuni ambayo jina nalihifadhi, ilinifia hivi: doa dogo juu kushoto, kila anga la bluu linatoka na nzi. Nilibandua kioo, nikatoa skrubu kumi na kitu, riboni mbili nyembamba kama utepe wa kaseti, ndipo nikaona kihisi. Doa lilitoka. Riboni moja haikurudi salama.

Kwa hiyo dada, ukinunua yoyote kati ya hizo, usiitie mkobani pamoja na vipodozi na unga wa biskuti. X100VI ina kinga ya vumbi na unyevu, lakini haijakamilika mpaka ufunge ringi na filta ya 49mm mbele, na hivyo kawaida unanunua kando. Watu wengi hawajui, wanakwenda nayo mchangani ikiwa uchi.

NuruYaShangani

Wakuu, nimejifunza zaidi ya nilivyouliza. Swali moja kwa Mzee: umesema utanipunguzia hasira ya stabilaiza. Bado ninayo. Nyumba zetu za hina taa ni moja katikati ya dari.

MzeeWaFremu

Stabilaiza inatuliza mkono wako. Haitulizi mkono wa mpakaji hina. Ukipiga 1/15, ukuta na mlango wa nakshi vitatoka vikali, na mpakaji atatoka na vidole nane. Kwa watu utahitaji 1/125 hata hivyo, na hapo stabilaiza haina la kukufaa. Kihisi kikubwa kinakusaidia zaidi, kama hatua moja na ushee ya mwanga. Ungekuwa unapiga misikiti usiku ningesema tofauti.

Megapikseli 61 nazo ni za kukata kingo za picha. Kutoka 35mm ukikata ionekane kama ya lenzi ya 50mm unabaki na kama 29, Fuji itakubakizia 20. Kwa albamu za harusi zote zinatosha na kubaki.

Usituamini sisi lakini. Chukua bodi yako yenye kioo kinachoinuka, kifunge kwa selotepu ya karatasi kisiinuke. Zima stabilaiza. Lenzi ya 35mm, hiyo hiyo tu. Nenda hina mbili hivyo hivyo, halafu rudi hapa.

NuruYaShangani (wiki mbili baadaye)

Nimerudi.

Hina ya kwanza ilikuwa Malindi, hii ya hapa Unguja. Bibi harusi kaegemea mto, miguu imenyooshwa, mpakaji kainamia unyayo na koni yake ya hina, kichwa kakilaza upande kama anayesikiliza mguu unasema nini. Picha niliyoitaka iko chini, kamera iwe usawa wa kisigino, uso wa mpakaji uonekane kwa chini ya mtandio. Siku zote huwa nachuchumaa, nainua kioo, nashusha kamera, basi. Safari hii kioo kina selotepu. Nikapiga kwa kubahatisha, nikapata dari na nusu ya pua. Mwisho nikalala kifudifudi kwenye mkeka. Bibi yake bibi harusi akauliza kwa sauti, "Huyu kaja kupiga picha au kutafuta hereni?" Chumba kizima kikacheka, mpakaji akanyanyua kichwa, picha ikaenda.

Nilivyochambua hina zote mbili, picha 132 nilizochagua, 41 zimepigwa chini ya goti. Karibu theluthi! Sikujua kabisa kwamba napiga hivyo. Stabilaiza sikuikumbuka hata mara moja, Mzee ulisema kweli. Vidole vyote vipo.

Kwa hiyo ni X100VI. Roho imenuna lakini imekubali. Ringi na filta nitaagiza siku hiyo hiyo, Fundi, nimekusikia. Na selotepu imeacha gundi kwenye kioo cha bodi yangu, mwenye dawa aniambie.

Fundi_Lenzi

Kitambaa laini na tone la mafuta ya nazi, taratibu, usitie kucha. Halafu futa kwa kikavu.

mkaa_kijiweni

Mimi nimepiga hesabu tu. Zimebaki bodaboda tatu.

NuruYaShangani

Mbili. Moja imeshakuwa ada ya shule.